Nilivyohamia GrapheneOS: tatizo kubwa lilikuwa butiloda

Mabishano kuhusu mifumo endeshi ya faragha, yaani matoleo ya Android kama GrapheneOS, LineageOS na /e/OS yanayowekwa badala ya ule uliokuja na simu, huzungukia swali moja tu: Google imo au haimo? Mimi huuliza kwanza kama butiloda (programu ndogo inayouwasha mfumo simu inapowaka) itafungika tena baada ya kuweka mfumo. LineageOS ni hodari wa kufufua simu zilizotelekezwa na watengenezaji, lakini kwenye simu nyingi butiloda hubaki wazi. Mwenye kuishika simu hiyo anaweza kuuchezea mfumo wenyewe, nayo ikawaka kama kawaida. /e/OS hutumia microG, programu huria inayoiga huduma za Google, badala ya huduma zenyewe, ila arifa za programu nyingi bado hupitia seva za Google. Basi nikachagua GrapheneOS juu ya Pixel, simu ya Google, ambako butiloda hufungika tena. Ndiyo, kumkwepa Google kwa kununua simu yake ni kichekesho.

Kabla ya kununua Pixel iliyotumika, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7 ili chaguo za wasanidi zifunguke, kisha jaribu swichi ya kufungua OEM (ndiyo inayoruhusu butiloda ifunguliwe) ukiwa na intaneti. Ikiwa imefifia na haiguswi, huenda simu ilifungwa na kampuni ya mtandao. Iache.

Mfumo huwekwa kupitia kivinjari cha kompyuta iliyounganishwa na simu kwa kebo, nacho hupakua faili za mfumo. Kompyuta iwe na GB 2 za RAM na GB 32 za diski zilizo wazi, na kivinjari cha jamii ya Chromium, mfano Chrome. Usitumie dirisha la faragha, kwa sababu nafasi yake ya muda haitoshi kwa faili kubwa kama hizo. Kazi ikikwama katikati, shuku kebo kwanza: ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kigawanyishi cha USB. Kufungua butiloda hufuta kila kitu, na kuifunga hufuta tena, kwa hiyo usianze kupanga programu zako kabla ya kuifunga. Ukiiruka hatua hiyo umerudi palepale pa LineageOS. Baadaye simu ikiwaka huonyesha onyo la njano lenye alama ya ufunguo, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaotambulisha mfumo. Ilinganishe na ile iliyo kwenye tovuti ya mradi, kisha zima swichi ya OEM.

Play Store niliiweka kama programu ya kawaida isiyo na mamlaka ya pekee. Kibodi niliinyima ruhusa ya mtandao. Haina haja nayo. Programu inayozimika ghafla iwashie hali ya upatanifu, inayolegeza baadhi ya ulinzi wa ziada wa mfumo, hiyo peke yake. Za benki ndizo kero: baadhi hudai cheti cha Google kwamba mfumo wa simu umeidhinishwa nayo, na bila hicho hukataa kufunguka, na mbinu za kuzihadaa hazidumu. Zijaribu zote kabla ya kuuza simu ya zamani.

Simu isipofunguliwa kwa saa 18 hujiwasha upya, ili data irudi kwenye usimbaji kamili. Mimi nimeshusha hadi 8, na gharama yake ni kwamba asubuhi arifa za ujumbe haziingii mpaka niandike PIN.