Nakunywa mofini, na bado nakata vitambaa

"Dada, si ulishapona wewe?" Wateja wangu wananiuliza hivyo karibu kila wiki. Wao ndio walionichangia nauli nilipokuwa nachomwa mionzi pale hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakaona nywele zangu zikiota upya, wakamshukuru Mungu. Nawajibu ukweli: kansa imerudi, na sasa iko kwenye uti wa mgongo na nyonga ya kulia. Bado ni kansa ileile ya titi, imehamia tu, ndiyo maana natibiwa kwa dawa za titi. Kila jioni kidonge cha letrozoli, na kuna dripu ya kuimarisha mifupa. Daktari alinieleza bila kunificha kwamba haitaisha, itazuiwa kwa muda wote itakapozuilika.

Cherehani ya kukanyaga nimemwachia binti wa dada yangu, nyonga haiiwezi tena. Mimi nakata. Seremala ameiinua meza hadi usawa wa kiuno, nasimama wima, natandaza kitenge, napiga chaki, mkasi unatembea. Ndoo ya maji sibebi, hata iwe nusu.

Lakini leo nataka kusema kuhusu mofini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali. Wifi yangu alipoiona ile chupa juu ya friji alikaa chini akaanza kulia. "Wifi, wamefikia kukupa hiyo?" Kwake mofini ni dawa ya mtu anayeagwa. Na si yeye peke yake. Kliniki nimekaa benchi moja na mama aliyeificha yake uvunguni, anavumilia maumivu mchana na usiku ili wanawe wasiogope. Iliniuma sana.

Mimi naijua kazi yake. Ni chungu kweli, naisukumia na juisi ya ukwaju. Nakunywa kwa saa, kila baada ya saa nne kama nilivyoandikiwa, sisubiri maumivu yaje kwanza, maana yakishapanda kuyashusha ni kazi. Dozi ya kulala ni mara mbili ya ile ya mchana, hivyo usiku siamki kuinywa. Siku za mwanzo ilinilaza, baadaye usingizi ule ukaisha. Kufunga choo ndiko hakuishi, kwa hiyo papai na dawa ya kulainisha haviniishii ndani. Bila mofini ningekuwa kitandani, na sare za kwaya zingekatwa na nani?

Kwa sisi ambao kansa imeingia mgongoni, kuna dalili za kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, hata kama kliniki yako ni wiki ijayo: mgongo unauma kuliko kawaida, miguu inalegea au kufa ganzi, mkojo unagoma. Mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo inaweza kuwa imebanwa, na ukichelewa miguu huenda isirudi.

Wifi siku hizi ndiye anayenipimia dozi ya usiku. Na wewe unayekwenda kumjulia hali mgonjwa, ukiiona chupa hiyo usilie mbele yake. Muulize kama iliyobaki itamfikisha kliniki ijayo, na nani atamfuatia nyingine.