Kwa Treni Hadi Dinant, Alikozaliwa Baba wa Mdomo wa Bata

Treni ya Dinant, mji wa Ubelgiji alikozaliwa Adolphe Sax, mbunifu wa saksafoni, hutoka Brussels karibu kila saa, na safari ni kama saa 1 na dakika 40. Kabla ya kuipanda nilipita kwanza MIM, makumbusho ya vyombo vya muziki yaliyo karibu na kituo kikuu cha treni. Sababu ni moja: Dinant kuna sanamu nyingi na vyombo vichache, vyombo vyenyewe viko Brussels.

Pale MIM, ukifika kwenye kazi za mikono ya Adolphe Sax, usishangae mng'ao. Tazama mahali pa kidole gumba cha kushoto. Saksafoni za mwanzo zina vibonyezo 2 vya oktava, yaani vya kuipandisha noti hadi ileile ya ngazi ya juu, na mpulizaji mwenyewe ndiye aliyepaswa kukumbuka wakati wa kuhama kutoka kimoja kwenda kingine. Za leo zina kimoja tu, na mitambo inajichagulia tundu. Sauti ya chini kabisa nayo iliishia B. B flati ya chini, nusu hatua chini ya hiyo, imeongezwa baadaye.

Ni Brussels hiihii ambako mwaka 1960 Manu Dibango wa Kamerun alikutana na Joseph Kabasele, akaingia na saksafoni yake kwenye rumba ya Kongo. Wapenzi wa muziki wa dansi wa Dar es Salaam, ambao chombo hiki wanakiita mdomo wa bata, wana deni kidogo kwa mji huu.

Nilikuwa na saksafoni ya alto mkononi. Ukisafiri nayo kwa treni, shingo ikae peke yake ndani ya kifuko, isichomekwe kwenye mdomo wa chombo, ule mpana unaotoa sauti, maana huko inagongagonga na kukwaruza. Sanduku lilale miguuni, si kwenye rafu ya juu. Likianguka, kinachoumia si bomba bali vile vyuma vyembamba vinavyobeba vibonyezo: vikipinda kidogo tu, pedi, kile kifuniko laini, haikai sawa juu ya tundu lake. Nafasi ya unene wa karatasi ya sigara inatosha kuzifanya noti za chini zikatae kutoka, au ziruke oktava.

Baada ya Namur reli inashikana na mto Meuse, na majabali yanaanza. Kituo cha Dinant kiko ng'ambo ya mji, hivyo unavuka daraja la Charles de Gaulle, lililopangwa saksafoni kubwa kubwa za rangi. (De Gaulle alijeruhiwa hapa Agosti 1914, akiwa luteni.) Mbele ni kanisa lenye mnara kama kitunguu, na ngome juu ya jabali.

Mji huu ulifua shaba tangu zama za kati, hata vyombo vya shaba kwa Kifaransa vikapewa jina lake: dinanderie. Jeshi la Burgundy liliuteketeza mwaka 1466. Sax alizaliwa hapa tarehe 6 Novemba 1814, lakini ufundi hakuupatia hapa. Familia ilihamia Brussels akiwa mdogo, na baba yake alikuwa na karakana huko. Nyumba ya Monsieur Sax, makumbusho yake madogo, iko mtaa unaoitwa kwa jina lake. Kuingia ni bure, na nje yuko yeye wa shaba, amekaa kwenye benchi na saksafoni yake.

Anayeuliza kwa nini chombo cha shaba kinahesabiwa ukoo mmoja na klarineti ya mbao, ajibiwe na kipulizio: kinachotetemeka ni ridi, kale kaulimi ka mwanzi, si midomo ya mpulizaji kama kwenye tarumbeta. Ila bomba la klarineti lina upana uleule karibu mwili mzima, hivyo ukiongeza nguvu sauti inaruka hadi noti ya 12, si oktava. Vidole vya chini na vya juu havifanani. Sax, aliyekwisha kuiboresha klarineti ya besi mwaka 1838, alichukua bomba linalopanuka kuanzia shingoni hadi mdomoni. Hilo linaruka oktava kamili. Ukijua vidole vya chini, vya juu umekwisha kuvijua karibu vyote.

Dinant wanauza couque, biskuti ya unga na asali tupu, ngumu kama kigae; huimegi kwa meno, unaimumunya. Usiimumunye kabla ya kupuliza. Sukari inashuka na mate, na wa kwanza kugoma ni pedi ya G shapu, noti iliyo nusu hatua juu ya G. Hiyo hukaa imefungwa, na springi inayoiinua ni dhaifu. Ikinata, unabonyeza na noti inabaki G. Usiing'oe kwa kucha. Weka karatasi ya sigara, upande usio na gundi, kati ya pedi na tundu, funga polepole, achia, toa. Rudia mara 3 au 4. Soda na chai ya sukari zina kosa lilelile.

Toka Dinant nilirudi Brussels, kisha Paris, maana Sax naye alihamia huko mwaka 1842 na hataza ya saksafoni aliipata huko, 1846. Tarehe 22 Aprili 1845, kwenye uwanja wa Champ de Mars, bendi yake ilishindana na bendi ya mtindo wa zamani, ikashinda ingawa ilikuwa na watu wachache. Serikali ikaingiza vyombo vyake jeshini. Kwangu hapo ndipo njia ya saksafoni ilipoamuliwa: mnunuzi wake alikuwa jeshi, si okestra, na bendi za dansi zikairithi kwa bendi za gwaride. Watengenezaji wenzake walimburuta mahakamani miaka na miaka. Alifilisika 1852, 1873 na 1877. Darasa alilofundisha wanajeshi kwenye Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris, tangu 1857 lilifungwa 1870, likafunguliwa tena 1942 chini ya mpiga saksafoni Marcel Mule. Sax alifariki 1894.

Amezikwa Montmartre. Shuka kituo cha metro cha Blanche, uingie kwa lango la avenue Rachel. Makaburi yako bondeni, na magari ya mtaa wa Caulaincourt yanapita darajani juu yake.