Mstari mmoja uliobeba kazi ya wote

Jana usiku nimelipata kosa. Siku nne nzima draiva yangu, yaani programu niliyoiandika ya kuendesha diski ya NVMe (aina ya diski ya kasi), ilikuwa inasoma na kuandika bila kosa, data zinarudi baiti kwa baiti, ila mwendo ni wa kobe. Kazi moja ikienda peke yake, sawa. Nikizindua nane kwa mpigo, hakuna kinachoongezeka. Mashine ina kori nane (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) na diski nimeipa foleni nane za kupokea maombi na kurudisha majibu, kila kori na yake, kwa hiyo hakuna aliyepaswa kumsubiri mwenzake.

Nikafungua /proc/interrupts, faili la Linux linalohesabu intarapti, yaani ishara ambazo kifaa hutuma kuiamsha kori. Humo kila intarapti ina mstari wake na kila kori ina safu yake. Mistari ya diski ilikuwa tisa: mmoja wa foleni ya usimamizi (ya kuipangia diski yenyewe), minane ya foleni za kazi (za kusoma na kuandika). Ile minane ilikuwa sufuri tupu. Mstari wa usimamizi, ambao baada ya mashine kuwaka hauna shughuli kubwa, ulikuwa na mamilioni, yote chini ya kori 0.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kori saba zilikuwa zinatuma maombi na kuendelea na mambo yao, huku kori 0 ikiamshwa kwa kila jibu. Na si kuamshwa tu: ombi lililoandikwa na kori 5 bado limo kwenye kashe (kumbukumbu ndogo ya karibu) ya kori 5, kwa hiyo kori 0 ikitaka kulifunga lazima livushwe kwanza.

Kosa lilikuwa kwenye amri ya kuunda foleni ya majibu. Amri hiyo ina biti moja ya kuwasha intarapti, na nafasi ya biti 16 ya kuandika namba ya vekta, yaani intarapti ipi foleni hiyo itumie. Biti niliiwasha, namba nikaiacha sufuri. NVMe inaruhusu foleni nyingi kutumia vekta moja, hivyo kontrola, chipu inayoongoza diski, ilitii kimya kimya. Kilichonificha zaidi ni tahadhari yangu mwenyewe: funksheni ya kuitika intarapti nilikuwa nimeiandika ipitie foleni zote kila inapoitwa. Kama ingegusa foleni yake tu, maombi yangekwama siku ya kwanza nami ningejua siku hiyo hiyo.

Sasa foleni namba 1 ina vekta 1, namba 2 ina vekta 2, na kuendelea. Sufuri inabaki ya usimamizi, na wakati wa kuomba vekta naiambia keneli (kiini cha Linux) iiweke kando isiihesabu inapozigawa nyingine kwa kori. Nimebadilisha na mpangilio pia: naomba vekta kwanza, ndipo naunda foleni kulingana na nilichopewa. NVMe inakubali hadi foleni 65,535 za kazi, MSI-X, mfumo unaovipa vifaa vekta, inaishia vekta 2,048 kwa kifaa, na diski nyingi zina chache zaidi ya hapo. Kori zikizidi foleni, zigawane.

Nilijaribu pia kuhamisha intarapti moja kwa mkono kupitia smp_affinity, faili la kuchagulia intarapti kori yake, keneli ikakataa. Iliniudhi, lakini naona ina haki. Ugawaji huu inausimamia yenyewe: kori ya mwisho ya foleni ikizimwa, intarapti ya foleni hiyo nayo inazimwa mpaka kori irudi, badala ya kurundikwa kwa kori iliyobaki. Kori ya x86 (prosesa za aina ya Intel na AMD) ina nafasi 256 tu za vekta, na 32 za kwanza ni za hitilafu za prosesa yenyewe. Mashine yenye diski nyingi ingezimaliza upesi.

Asubuhi nimelifungua faili lile tena, kazi nane zikiendelea. Namba zimejipanga mshazari, kutoka kori 0 mpaka kori 7, zinakaribiana. Nimezitazama kwa muda. Kisha nimefuta kile kitanzi cha kupitia foleni zote.