Jembe Likiwa Hewani

Kwenye Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma kule Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, makundi mawili ya ngoma hucheza kwa wakati mmoja, na linalovuta watazamaji wengi ndilo mshindi. Kwa hiyo umati hukimbia huku na huko uwanja mzima. Mimi Juni ile sikukimbia. Nilikaa na kamera yangu kwa wacheza bugobogobo, ngoma ya kurusha majembe, kwa sababu ya majembe hayo.

Mchana nilipiga picha kwa spidi ya 1/1000 ya sekunde. Kila kitu kilitoka wazi, hadi chembe za vumbi, lakini majembe yalionekana yametundikwa kwenye msumari. Ngoma yenyewe haikuwemo.

Saa kumi na mbili na nusu jioni mwanga ukawa hafifu, nikaupata wasaa niliousubiri. Nikashusha spidi ya shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, hadi 1/8 ya sekunde, nikawasha flashi na kuitega iwake mwishoni, shata inapokaribia kufunga. Utamu wote uko hapo. Shata ikiwa wazi, mwanga wa jioni huchora njia ya kila kinachotembea. Flashi huwaka kufumba na kufumbua tu, ikakamata sura ya mwisho. Ikiwaka mwanzoni, mkia wa mwendo hutangulia mbele, na jembe lililorushwa juu utadhani linashuka. Nguvu ya flashi niliipunguza pia, maana flashi kali huumeza mwanga wa machweo, ukabaki na watu weupe gizani.

Mzee mmoja akarusha jembe. Nikabofya lilipomtoka mkononi.

Kwenye kioo cha kamera, uso wake ulitoka wazi kabisa, jasho limesimama kwenye kipaji, macho yanalifuata jembe. Kutoka kifuani hadi juu ya utosi ulipanda ukungu wa rangi ya kutu, umejipinda kidogo, na kwenye ncha yake chuma kikali, makali yake yanahesabika.

Walipopumzika nikamwendea. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu nione."

Akaufuata ule ukungu kwa kidole. "Hapa limenitoka. Na hapa, unaona? Ndipo nilipokunja kiwiko." Kisha akamwita kijana ambaye jembe lilikuwa likimponyoka tangu mchana. "Njoo uone mkono unavyokwenda. Mpige na huyu, tulinganishe."

Nikampiga. Ukungu wa kijana ulikwenda upande, kuelekea begani. Mzee akamshika kiwiko, akakirudisha karibu na mbavu, wakaanza upya, nami nikaendelea kuwapiga mpaka flashi ikaanza kuchelewa kujaa.