Rangi Iliyo Chini ya Rangi: Kuhifadhi Historia ya BSA Wakati wa Vita

Baadhi ya pikipiki za kijeshi aina ya M20, zilizoundwa na kampuni ya Uingereza ya BSA (Birmingham Small Arms) wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kutoka kiwandani baada ya mwaka 1942, zilikuwa na vishikio vya usukani vilivyofunikwa kwa turubai, na sehemu za kukanyagia zilikuwa chuma kitupu. Hilo halikuwa kosa la fundi. Japani ilikuwa imeiteka Malaya na nchi jirani zilizokuwa zikitoa sehemu kubwa ya mpira duniani, na Uingereza ikalazimika kuhifadhi kila kilo ya mpira kwa ajili ya matairi. Mtu anayeikarabati pikipiki kama hiyo leo, akaivika vishikio vipya vya mpira ili ipendeze, huwa ameondoa ushahidi ambao hakuna kitabu kinachoweza kuurudisha mahali pake.

Nimeanza na turubai hiyo kwa sababu mimi pia, nilipoanza kuzipenda pikipiki hizi, niliamini kwamba kuhifadhi ni kurudisha upya. Nilisugua rangi mpaka chuma kikang'aa, na ndipo nilipojifunza kwamba chini ya rangi ya mwisho ya kijeshi mara nyingi huwa kuna nyingine, na chini ya hiyo, ubavuni mwa tangi, huenda zikabaki alama hafifu za nambari ya jeshi inayoanza na herufi C. Nambari hiyo, ikisomwa pamoja na nambari ya fremu, ndiyo inayomwezesha mtafiti kujua pikipiki ilitengenezwa chini ya mkataba gani. Nilichokisugua siku ile hakikurudi, na bado najuta.

BSA haikuanza na pikipiki. Ilianzishwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki wa Birmingham, na nembo yake ya bunduki tatu zilizosimamishwa zikiegemeana inakumbusha asili hiyo. Pikipiki zilifuata mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo vita vilipozuka mwaka 1939, kiwanda chake cha Small Heath, jijini Birmingham, kilikuwa na kazi mbili kwa pamoja: kuunda bunduki, zikiwemo bunduki za rashasha za Browning zilizofungwa kwenye ndege za kivita, na kuunda M20 kwa ajili ya matarishi wa jeshi. Injini yake ya sentimita za ujazo 496, yenye vali za pembeni, haikuwa na kasi ya kujivunia, lakini ilivumilia matope, mchanga na mikono ya askari aliyejifunza kuendesha kwa wiki chache tu. Zilitengenezwa takriban 126,000, na jeshi la Uingereza liliendelea kuzitumia miaka mingi baada ya vita kwisha.

Idadi hiyo hunukuliwa kila mahali, na kwa maoni yangu imekuwa kama pazia. Msomaji hustaajabia wingi wa pikipiki kisha hasogei hatua zaidi kuuliza ni nani waliozitengeneza. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliishambulia Birmingham, na mabomu yakakiangukia kiwanda cha Small Heath. Jengo lililokuwa na wafanyakazi wa zamu ya usiku liliporomoka na kushika moto, na wafanyakazi 53 wakafa. Walikuwa raia waliofika kazini kama siku nyingine yoyote. Baada ya shambulio hilo, kazi ilitawanywa katika viwanda vingine ili bomu moja lisiweze tena kusimamisha uzalishaji wote. Mtu anapoieleza M20 bila kuutaja usiku ule, huwa ameeleza chuma na kuwaacha watu.

Kampuni yenyewe iliporomoka mwaka 1973, na kiwanda cha Small Heath hatimaye kikabomolewa kwa sehemu kubwa. Mara nyingi kampuni inapokufa hivyo, karatasi zake huishia jalalani pamoja na mashine zake. Bahati nzuri, leja za kusafirishia pikipiki, yaani madaftari yaliyoorodhesha pikipiki zilizotoka kiwandani, ziliokolewa, na leo nyaraka za BSA ni miongoni mwa zile zinazotunzwa na Vintage Motor Cycle Club, klabu ya Uingereza ya wapenzi wa pikipiki kongwe. Mwenye pikipiki akipeleka nambari zake, mtunzaji wa leja anaweza kumtafutia mstari unaoihusu.

Hapo ndipo penye tatizo ambalo wengi hulitatua vibaya. Karakana za jeshi zilizifungua pikipiki hizi na kuziunda upya mara kwa mara, na injini iliyotoka kwenye fremu moja ilifungwa kwenye nyingine bila mtu kujali nambari. Mnunuzi wa leo akikuta nambari haziwiani hudhani ametapeliwa, na wapo wanaofikia hatua ya kufuta nambari na kugonga nyingine ili zilingane. Ningewasihi waache kabisa jambo hilo, kwa kuwa nambari zisizowiana zinaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki ya kwamba pikipiki ile ilipitia karakana ya jeshi.

Siku hizi, kabla sijafungua hata nati moja, hupiga picha za tangi kwa mwanga wa pembeni, hunakili kila nambari iliyogongwa kwenye fremu na injini hata kama haieleweki, na huacha sehemu ndogo ya rangi ya zamani bila kuigusa, kwa kawaida chini ya tangi ambako mvua haifiki. Picha hizo nawapa bila malipo wenzangu wote wanaozifuatilia pikipiki hizi, pamoja na maelezo ya kile nilichokiona na kile nilichokibadilisha. Pikipiki ninayoishughulikia sasa ina kishikio kimoja tu cha turubai, kimechanika na kimepauka, na nimekirudisha kwenye usukani kama nilivyokikuta.