Swali la vyura

"Mwanangu, hilo halitoki kwenye mtihani." Tangu Jumanne maneno hayo yamekataa kunitoka. Wiki hii shemeji amejifungua salama, matokeo ya mtihani wa majaribio yamebandikwa, upepo wa ziwani umeng'oa bati la jikoni, na mimi nikiosha vyombo nasikia sauti hiyo tu.

Yule binti wa kidato cha pili anayetokea Kisesa, mnamkumbuka, alikuja ofisini saa ya mapumziko na makopo mawili ya rangi. Moja lilikuwa na vyura wachanga wa kwenye shimo la moramu, jingine wa kwenye majaruba ya mpunga ya bibi yake. Wote walikuwa bado na kipande cha mkia. Wa shimoni ungeweza kumweka mmoja juu ya ukucha wa kidole gumba. Wa jarubani walikuwa karibu mara mbili yao.

"Shikamoo mwalimu. Hawa mbona wamedumaa, na mvua ni ileile?"

Mwenzangu wa meza ya jirani akamjibu kabla sijafungua mdomo, kwa maneno hayo ya mtihani. Binti akasema, "Sawa, mwalimu," akafunika makopo yake, akatoka.

Na mvua ni ileile! Hapo ndipo panaponiuma. Mtoto ameshaondoa sababu moja kwa akili yake mwenyewe, amebaki na swali safi kabisa, halafu anaambiwa aende akasome. Kwani alikuwa anafanya nini?

Jana nikamwita, tukakaa chini ya mwembe. Nikamwambia kwanza ahakikishe ni vyura wa aina moja, maana wako wasiokua hata washibe vipi. Kama ni aina moja, atazame maji. Ya shimoni ni machache, jua linayapasha, siku mbili tatu bila mvua yanakauka. Viluwiluwi wa aina nyingi wakiona dimbwi linapungua huharakisha kuota miguu na kutoka, wadogo hivyohivyo, kuliko kufia kwenye tope. Joto la maji nalo linawasukuma: wanageuka upesi kabla mwili haujajaa. Jarubani maji yanakaa, kwa hiyo wanakula kwanza.

"Kwa hiyo mwalimu, akishatoka mdogo, jua halimmalizi?"

Jamani, furaha niliyoipata! Ngozi ya chura ni tupu, anapumulia humohumo na maji yanatokea humohumo. Mwili ukiwa mdogo, ngozi ni nyingi ukilinganisha na nyama iliyomo ndani, basi anakauka haraka. Nikamweleza habari za Bergmann, Mjerumani aliyeandika mwaka 1847 kwamba kwenye baridi wanyama wenye damu moto huwa na miili mikubwa. Chura hajitengenezei joto lake, ndiyo maana kanuni hiyo kwake mara inakubali, mara inagoma. Kuna mahali ukame ndio unaoeleza ukubwa wake kuliko baridi.

Tukafika kwenye habari za Kihansi, maporomoko ya mto huku kwetu Tanzania. Chura wa pale hafiki sentimita 3, anazaa vichura vilivyokamilika bila kupitia kiluwiluwi majini, na alikuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ambako hapakauki. Mwaka 2000 maji yakageuziwa mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, na kufikia 2009 akatangazwa kutoweka porini. Waliosalia walikuwa wakitunzwa Marekani. 2012 wakaanza kurudishwa. Binti alinyamaza kidogo, akaniuliza nani huko aliwanyunyizia maji kila siku. Nikamwambia ni watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Akaliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari.

Nilikuwa nilale na raha hiyo, ila mama amepiga tena. Mbalamwezi imeingia, wavuvi wa dagaa wote wa mtaani wamerudi kutoka visiwani, na Kulwa wetu, mvuvi mwenzao, hajaonekana. Simu yake haipatikani. Mwenye mtumbwi anasema alimwacha Ukara akiwa mzima, lakini hasemi kwa nini alimwacha.