Taa ya nyuma

Haya, fundi.

Maneno mawili tu, na leo siku ya tano yananiamsha kabla ya adhana ya alfajiri. Si tusi. Mtu akiyasikia atasema nimejibiwa kwa heshima. Ila mimi nilikuwepo. Nilimwona yule mama wa usafi alivyoinama akachukua ndoo yake.

Ni lile duka la dawa nililowatajia mwezi uliopita, la hapa Arua mjini, Uganda, ambalo kiyoyozi chake kinagoma mchana. Mwenye duka hana raha, maana dawa zake nyingi zimeandikwa zisipite nyuzi 25 za joto, na kiangazi hiki ikifika saa saba hata dawa za kupaka zinageuka uji. Kwenye kioo cha ndani zinapepesa herufi na tarakimu. Kitabu chake kinasema mota imezidiwa mzigo.

Jumatatu nikaanzia panapoanziwa. Mashine ya nje ilikuwa imejifunika vumbi kama blanketi, nikaiosha, kwa sababu joto lisipopata pa kutokea kompresa inasukuma gesi kwa taabu na kula umeme zaidi. Feni inazunguka vizuri. Kapasita, ile inayoisaidia mota kuanza, imeandikwa 35, mita ikasoma 34. Koili za kompresa nzima, hakuna inayovujisha umeme kwenye bodi ya chuma. Volti pale pale kwenye mashine, ikiwa imezimwa: 234. Safi. Nikawasha. Ikanguruma bila kuzunguka, mita ya kubana waya ikaruka mpaka ampea 29 wakati kibandiko kinasema 8 ikiwa kazini, halafu tak! ovalodi, kile kikinga cha mota, ikakata. Tukasubiri karibu saa nzima kompresa ipoe, tukarudia. Yale yale.

"Imekwama ndani," nikamwambia mwenye duka. Kompresa mpya, gesi na ufundi, shilingi milioni 1 na laki 6. Akashika kichwa.

Hapo ndipo yule mama wa usafi, aliyekuwa akifua matambara nyuma, aliposema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Kongo:

"Fundi, hii kitu ikitaka kuamuka, taa ya huku inasinzia."

Nikamjibu bila hata kugeuka:

"Mama, taa ni taa, kiyoyozi ni kiyoyozi. Niache nimalize."

"Haya, fundi."

Nimeyarudia haya kichwani nikiendesha pikipiki, nikinawa, nikiwa kwenye swafu. Kila mara najipa jibu lingine. "Inasinzia vipi, mama?" Maneno matatu, yangenigharimu nini? Mara najitetea: taa za dukani nilizitazama, hazikutikisika. Kweli hazikutikisika. Lakini hakusema za dukani, alisema ya huku. Na nilimjibu mbele ya mwenye duka, mbele ya kijana wangu wa kazi (yule yule aliyetumbukiza mita kisimani), mama aliye rika la mama yangu. Kijana hakucheka. Afadhali angecheka. Alitazama viatu vyake.

Jumanne shemeji kajifungua mapacha, wote wazima, alhamdulillahi, na jana tumepeleka mahari ya mdogo wangu kule Yumbe. Hayo nitayaandika siku nyingine.

Alhamisi nilirudi kung'oa kompresa. Nikakaa juu ya debe uani, nikingoja kijana alete spana, na mbele yangu juu ya karo kuna globu, zile za zamani za manjano, inawaka mchana kweupe kwa kuwa kona ile ni giza. Sijui nini kilinisukuma. Nikamwita kijana: "Kabla hatujafungua, washa."

Kompresa ikanguruma. Globu ikashuka, ikashuka, ikabaki uzi mwekundu tu kama kaa la sigara. Tak. Ikang'aa tena.

Nilihisi masikio yakiwaka.

Taa za dukani hazikuwa na habari kwa sababu zina njia yake kutoka kwenye breka. Hii moja kuna mtu aliidonoa kwenye waya wa kiyoyozi. Nikaufuata waya: milimita moja na nusu, kwa mashine ile! Na ndani ya swichi yake ya ukutani skrubu ya nyutro, waya wa kurudisha umeme, imelegea, plastiki imeungua mpaka rangi ya kahawa. Nikapima upya, safari hii mota ikiwa inajaribu kuamka: 138. Waya ule ukiwa umekaa bure unakuonyesha volti zote, ukiuomba nguvu unazimeza njiani. Mota inakosa za kuizungusha, inakaa pale pale ikila ampea hadi ovalodi iiokoe. Na mimi nilipima ikiwa imezimwa. Miaka 11 ya kazi hii.

Waya mpya wa milimita nne, swichi mpya, laki 2 na elfu 30 pamoja na ufundi. Ikaamka kwa mguno mmoja, ikatulia kwenye ampea 7.8. Mwenye duka alicheka hadi akatununulia soda, na njiani nikajikuta nacheka peke yangu, kwa sababu nimekuwa nikimfundisha kijana habari za kushuka kwa volti kwa maneno mengi ya darasani, haingii, na sasa ananiambia, "Bosi, kule hospitalini nako umeme unasinzia." Kaelewa.

Kabla ya kuondoka nilimfuata yule mama kwenye karo, nikampa elfu kumi.

"Ya nini, fundi?"

Hapo ndipo pa kusema. Nilikuwa nimeyapanga.

"Ya sabuni, mama."

Akaitazama taa, kisha akanitazama mimi.

"Haya, fundi."

Hii ya pili sijui niiweke wapi. Mke wangu anasema alikuwa anatabasamu. Yeye hakuwepo.

Simu ya mama yangu kule Koboko imezimwa tangu jana jioni. Jirani yake naye hapokei. Labda ni chaji tu, jua lilikuwa hafifu na paneli yake ni ndogo, lakini mama huwa hapitishi Ijumaa bila kupiga.